Saa Kumi na Moja Alfajiri, Mvua Inanyesha

Hotuba juu ya kufanya mazoezi ndani wakati wa masika, kwa wanachama wa klabu yetu ya mbio, Dar es Salaam, Jumamosi ya pili ya Machi. Wenzetu wengi walishindwa kufika kwa sababu ya mvua. Naiweka hapa nzima kwa ajili yao.

Mazoezi oyee! Mazoezi oyee!

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana wetu, habari za asubuhi. Poleni na matope. Nimewaona wengine mmeingia mmeshika viatu mkononi na suruali mmekunja hadi magotini. Mmefika, nawashukuru.

Isikilizeni hii mvua juu ya bati. Wiki mbili zilizopita tulikuwa Moshi. Mnakumbuka? Tulikimbia chini ya Mlima Kilimanjaro, tukarudi na medali shingoni, basi zima likiimba hadi Chalinze. Jumatatu iliyofuata mvua ikaanza. Sasa nauliza, na naomba ukweli: tangu siku ile, nani amefanya mazoezi angalau mara tatu kwa wiki? Nyoosheni mikono.

Naona mikono minne. Humu ndani tumezidi sitini. Mikono minne!

Siwagombezi. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa kati ya wale ambao mikono yao imebaki mapajani. Lakini tuhesabu pamoja. Masika yetu ni Machi, Aprili na Mei. Tukipumua kidogo, vuli inafika Oktoba hadi Desemba. Mkimbiaji wa Dar es Salaam anayengoja anga litakate atakuwa mkimbiaji wa nusu mwaka. Na mwili wa nusu mwaka haupo, ndugu zangu. Moyo unapiga miezi kumi na miwili.

Kabla sijasema tufanye nini ndani, niwaambie kwa nini nawataka muwe ndani. Najua wapo vijana hapa wanaosema, "Mwalimu, mvua ni maji tu." Mvua ya rasharasha, sawa, kimbia, hata mimi nakimbia. Nazungumzia mvua ya masika, ile inayojaza Jangwani hadi mabasi ya mwendokasi yanasimamishwa.

Aprili 2024 mnaikumbuka. Mvua ilipiga wiki baada ya wiki, na mwanzoni mwa Mei tukaambiwa kimbunga Hidaya kinakuja, vyombo vya baharini vya kwenda Zanzibar vikasimama. Mimi asubuhi moja ya Aprili hiyo niliamka kama kawaida, saa kumi na moja, nikavaa viatu, nikatoka. Barabara ya mtaani kwetu ilikuwa imefunikwa na maji hadi kwenye kifundo cha mguu. Nikajiambia naifahamu hii njia, nimeipita miaka kumi na mbili. Hatua ya ishirini hivi mguu wa kulia ukaingia kwenye mtaro ambao mfuniko wake ulikuwa umesombwa. Nikazama hadi kiunoni. Nilitoka na jeraha la muundi, nyuzi saba.

Jeraha lilikuwa dogo. Daktari aliyenishona hakuwa na hofu na jeraha, alikuwa na hofu na yale maji. Akaniuliza nimekaa ndani yake muda gani. Maji ya mafuriko yanabeba mikojo ya panya na ya wanyama wengine, na humo ndimo anamoishi mdudu wa homa ya mgunda, anayepenya kupitia ngozi iliyochubuka. Mwaka 2022 homa hiyo iliua watu watatu wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Ongezeni nyaya za umeme zilizoanguka. Ongezeni radi. Hakuna kilomita tano zenye thamani hiyo. Kwa hiyo mtu asiseme Mwalimu ametufanya waoga. Barabara ikijaa, kaa ndani. Nasema kaa ndani, sikusema lala.

Maana mimi nililala. Baada ya zile nyuzi saba nilikaa wiki sita. Mguu ulipona baada ya wiki mbili na nusu tu, lakini mvua ilikuwa bado inanyesha, nikawa najiambia kesho, kesho. Nilipotoka tena, mimi niliyekuwa nakimbia kilomita kumi bila kusimama, kilomita ya tatu nilikuwa natembea nimeshika kiuno.

Kwa nini inakuwa hivyo? Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Edward Coyle, na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti juu ya wanariadha waliokuwa wamefanya mazoezi makali kwa miaka mingi, wakaambiwa waache kabisa. Ndani ya wiki tatu za mwanzo uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa takriban asilimia 7. Walipokaribia miezi mitatu bila mazoezi, upungufu ukafika asilimia 16. Na kilichotangulia kupungua ni kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa kila pigo. Miezi mitatu, wapendwa. Masika ni miezi mingapi?

Mimi lakini kilichoniuma zaidi ni saa. Mwili niliurudisha, kwa taabu, nikaurudisha. Ile saa kumi na moja alfajiri, ambayo kwa miaka kumi na mbili macho yalifunguka yenyewe kabla ya adhana, niliitafuta hadi Septemba. Wiki sita za kulala zilinichukulia miezi minne ya kujifunza kuamka. Ndiyo maana leo nimeomba nafasi ya kusema. Ninalowaomba masika hii ni moja: saa yako ilinde. Mvua ichukue barabara, ichukue Coco Beach, ichukue Daraja la Tanzanite na upepo wake wote. Saa yako usiipe.

Sasa mtaniuliza, niilinde wapi? Naishi chumba kimoja, kitanda kimejaa, watoto wamelala chini.

Nitawasimulia habari ya mtu mmoja aliyeitwa Emil Zátopek, mwanajeshi wa Chekoslovakia. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, alishinda mita 10000, akashinda mita 5000, halafu akaingia marathoni ambayo hakuwahi kuikimbia maishani mwake, akashinda nayo. Hadi leo hakuna mwanamume mwingine aliyeshinda zote tatu katika Olimpiki moja. Mkewe, Dana, naye alishinda dhahabu ya kurusha mkuki kwenye Olimpiki hiyohiyo, siku ileile mumewe aliposhinda mita 5000. Hiyo ndiyo nyumba niliyotaka tuingie. Inasimuliwa kwamba siku ya kufua, Zátopek aliloweka nguo kwenye bafu la kuogea, akaingia na miguu yake, akakimbia papo hapo juu ya zile nguo, muda mrefu, hadi zikatakata. Inasimuliwa pia kwamba akiwa lindoni alikuwa anakimbia pale pale aliposimama.

Kina mama mnacheka kwa sababu mmefua kwa miguu tangu utotoni. Blanketi zito, beseni kubwa, sabuni ya unga, unapanda juu, unakanyaga. Mapaja yanaungua, jasho linatoka. Nani aliwaambia lile si zoezi? Bingwa wa Olimpiki alilihesabu.

Na hapa kwenye klabu yetu yupo mama mmoja kijana, ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina. Anaishi chumba kimoja Manzese, na mtoto wa miaka miwili. Masika iliyopita, kila alfajiri, alikunja mkeka mara mbili ili usitoe sauti, akavaa viatu vyake, redio chini kabisa, akakimbia papo hapo dakika ishirini akitazama ukuta. Magoti juu, mikono inafanya kazi, anatua taratibu kwa sehemu ya mbele ya wayo ili mtoto asiamke. Dakika tatu anakimbia, dakika moja anachuchumaa na kuinuka, tena dakika tatu. Mwezi wa sita tulipokutana tena barabarani, mimi mwalimu wake nilikuwa nyuma yake. Alikuwa na nafasi ya mkeka mmoja tu.

Vijana, nanyi mna kamba. Kamba ya kuruka mnaipata kwa bei ya nauli za siku mbili, na mabondia wetu wa Manzese na Mabibo hawajawahi kuiacha hata siku moja. Ila mwenye goti bovu asiruke, na anayekaa ghorofa ya juu amkumbuke jirani wa chini. Na pushapu wazee wangu zifanyeni kwa kusimama, viganja ukutani, miguu nyuma kidogo. Kuruka kichura acheni. Najua mmekariri kutoka shuleni, lakini ile ilikuwa adhabu, na magoti ya mtu wa miaka hamsini hayana kosa lolote la kuadhibiwa.

Nije kwa wanaokaa maghorofani, Kariakoo, Upanga na kwingineko, wale wanaolalamika lifti ikiharibika. Ninyi mna utajiri na hamjui.

Mwishoni mwa miaka ya arobaini, London, daktari mmoja jina lake Jeremy Morris alikuwa anatafuta kwa nini watu wengi wanakufa ghafla kwa maradhi ya moyo. Akayatazama mabasi ya ghorofa mbili. Kila basi lina watu wawili: dereva, na kondakta. Dereva ameketi siku nzima. Kondakta anapanda ngazi na kushuka, anapanda na kushuka, anakusanya nauli. Wanatoka mitaa ileile, wanakula chakula kilekile, basi ni moja. Walihesabu: kondakta alikuwa anapanda ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi. Mwaka 1953 Morris akachapisha alichokiona. Makondakta waliugua moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, waliougua waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi, na vifo vya ghafla vilikuwa vichache kwao. Morris mwenyewe aliishi miaka 99.

Sasa fikirini. Kondakta yule alikuwa chini ya paa. Mvua ya London ilinyesha nje, yeye hakulowa, na moyo wake ulikuwa unalindwa na ngazi za basi. Wewe wa ghorofa ya nne una ngazi bure kila siku, na unasimama kungoja lifti.

Kupanda ngazi kuna ufundi wake. Panda kwa nguvu, shuka polepole ukishika ukingo. Wengi wanadhani kupanda ndiko kunakouma. Kesho yake watagundua ni kushuka, maana wakati wa kushuka msuli wa paja unavutwa huku unabeba mwili. Anza na dakika nane. Na angalia ngazi kama zina maji ya viatu vya watu, maana vigae vikilowa havisamehi.

Kuna jambo linanikera, nalo ni kuona watu wakidhani mazoezi ya ndani ni mazoezi ya wagonjwa. Mtu akikosa barabara anajiona ameshushwa cheo. Ndugu zangu, humu ndani nani anamkumbuka Suleiman Nyambui? Wazee mnatikisa vichwa. Vijana sikilizeni. Nyambui, Mtanzania mwenzenu, alichukua medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Miezi michache baadaye, Februari 1981, alikuwa New York. Februari ya New York ni barafu. Alikimbia ndani ya jengo, mita 5000, mizunguko mifupi ya kona kali, kichwani ana paa kama hili letu. Alitumia dakika 13, sekunde 20 na nukta 4. Wakati ule hapakuwa na binadamu aliyewahi kukimbia umbali huo kwa kasi hiyo ndani ya ukumbi. Rekodi ya dunia! Mtoto wa Tanzania, chini ya paa! Nikisikia mtu anasema ndani hakuna mbio za kweli, namkumbuka Nyambui.

Kwa wachache mnaoweza kwenda jimu, au mwenye mashine ya kukimbilia nyumbani, nina neno fupi. Mwaka 2000 Marekani ilifanya mchujo wa marathoni ya wanawake kwa ajili ya Olimpiki ya Sydney. Aliyeshinda ni Christine Clark, daktari, mama wa watoto wawili, mkazi wa Anchorage, Alaska. Kwao majira ya baridi ni giza na barafu. Mazoezi yake mengi aliyafanya juu ya mashine ndani ya nyumba. Alimaliza kwa saa 2, dakika 33 na sekunde 31, akawashangaza wote, akaenda Sydney. Basi mwenye mashine aiheshimu. Iinue mwinuko wa asilimia 1, kwa sababu ndani hakuna upepo wa kukupinga. Washa feni kama ipo, kwa joto letu hili mwili ukikosa hewa unachemka upesi. Na ile klipu ya usalama, inayoizima mashine ukianguka, ibane kwenye fulana yako.

Sasa naomba utulivu. Watoto waliopo nyuma, nyamazeni kidogo, hili ni la uhai.

Mvua ikinyesha, jiko la mkaa tunaliingiza ndani. Tunafunga dirisha ili maji yasiingie. Naomba, naomba sana, usifanye mazoezi kwenye chumba chenye jiko la mkaa linalowaka. Mkaa unatoa gesi isiyoonekana na isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Anayekimbia anavuta hewa mara nyingi zaidi ya aliyelala, kwa hiyo anavuta sumu nyingi zaidi. Unaanza na kichwa kuuma, unadhani ni uchovu wa mazoezi. Jiko libaki barazani. Dirisha lifunguliwe hata kama manyunyu yanaingia. Mkirudi nyumbani leo, hili waambieni na majirani ambao hawafanyi mazoezi kabisa.

Wengine mtauliza, dakika ishirini za ukutani zinatosha? Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Zamani walisema lazima ufikishe dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe. Mwaka 2020 sharti hilo waliliondoa. Maana yake dakika sita za ngazi asubuhi, dakika saba za kamba jioni, dakika za kufulia blanketi, zote zimo. Na ukitaka kupima kama ni wastani, huhitaji saa ya kisasa. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, umefika. Ukishindwa hata kuongea, hayo ni makali, na makali yanahesabiwa mara mbili.

Muziki nao unasaidia. Singeli yetu, iliyozaliwa mitaa ya Manzese na Tandale, mapigo yake yanapita 200 kwa dakika. Anayeanza akanyage pigo moja, linalofuata aliache. Wazee wachukue dansi la zamani, wasogeze meza, wacheze dakika thelathini bila kukaa. Mimi na mume wangu tumefanya hivyo masika yote ya mwaka jana kila Jumapili, na mume wangu, ambaye barabarani hajawahi kunifuata hata mita mia, sasa ndiye anayeniamsha.

Nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita. Kila asubuhi niliwapeleka watoto mchakamchaka kuzunguka uwanja, na siku za mvua tuliwapeleka madarasani moja kwa moja, wakakae. Sasa najiuliza kwa nini. Madarasa yalikuwa na nafasi kati ya madawati. Sauti za kuimba zilikuwepo. Watoto walikuwepo, wakitetemeka kwa baridi, na dakika kumi za kukanyaga sakafu zingewapasha moto wote. Sikuliona. Wale watoto leo ni watu wazima, wengine wamo humu ukumbini, na mvua ikinyesha wanafanya nilichowafundisha. Wanakaa.

Kwa hiyo leo naomba turekebishe, mimi na ninyi, hapa hapa. Mwenyekiti, naomba ruhusa. Simameni wote. Viti visukumwe ukutani. Madirisha ya upande ule yafunguliwe, asante kijana. Wazee wenye magoti, nyanyueni visigino tu, mikono ifanye kazi. Mwenye presha ambaye hajameza dawa leo, aketi, atatupigia makofi. Wengine tunakimbia papo hapo, dakika tano, saa yangu hii hapa. Mabega yalegezeni. Tueni taratibu.

Mko tayari? Isikieni mvua, halafu muizidi sauti.

Mchakamchaka!